Nusu ya Panadol na paka wa ghorofa ya kumi na saba

Nusu ya kidonge cha Panadol ilikuwa tayari ndani ya kisahani. Nimeisaga kwa kijiko, nimeichanganya na maziwa kidogo, nimepiga goti jikoni. Mjukuu wangu akanishika mkono. “Bibi, wallahi usimpe. Utamuua.”

Mtoto wa miaka kumi na tatu ananiambia mimi, niliyesimama mbele ya ubao miaka thelathini na mbili. Nilitaka kumkemea.

Nitarudi kwenye kisahani hicho. Ngoja kwanza niwahadithie tulifikaje pale, kwa sababu najua nyumba nyingi za Maskat, Sohar, Dubai na Abu Dhabi siku hizi zina paka ndani, na karibu zote zina Panadol kabatini.

Nipo Toronto tangu mwezi wa tatu kwa binti yangu, muuguzi wa zamu za usiku. Anakaa St. James Town, mtaa wa maghorofa karibu ishirini yaliyosongamana baina ya barabara za Sherbourne na Parliament. Yalijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya vijana wenye kazi zao mjini. Leo ukiingia kwenye lifti utasikia Kifilipino, Kitamil, Kinepali, na siku ya bahati Kiswahili. Jioni harufu ya kitunguu kinachokaangwa hupanda ghorofa hadi ghorofa, ukifumba macho utadhani uko Mji wa Kale, Mombasa. Ukifumbua unaona theluji.

Binti yangu akilala mchana, nabaki mimi, mjukuu, na paka. Paka ni dume la rangi ya majivu, na jina lake ni Wolverine. Ulimi wangu hauliwezi. Namwita Wulu.

Wolverine mwenyewe ni mtu wa vitabu vya katuni vya Marvel, Mkanada, aliyetoka mara ya kwanza 1974 akipambana na Hulk. Ana makucha ya chuma, na mwili wake hujiponya kila jeraha. Vitabuni ni mtu mfupi, kama sentimita 160. Kwenye filamu amechezwa na Hugh Jackman, Mwaustralia anayekaribia sentimita 190. “Basi huyu siye yule,” nikamwambia mjukuu wangu. Akasema filamu si lazima ifuate kitabu. Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanza, ukachukua wiki nzima.

Mimi nilisoma sekondari ya wamisheni. Father aliyetufundisha historia alikuwa akikata alama kwa tarehe iliyokosewa hata kama insha yote ni nzuri. Kosa lake yeye, alizoea kusema Vasco da Gama “aligundua” njia ya kwenda India. Nikanyoosha mkono, msichana wa Kiarabu peke yake darasani, nikamwambia kuwa Mreno huyo alifika Malindi 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, na rubani hapewi mtu anayeijua njia. Alinitoa nje. Baadaye akanirudisha, na katika daftari akafuta neno lile. Tangu siku hiyo sijaacha kunyoosha mkono.

Basi tukaangalia X-Men, filamu ya mwaka 2000. Kumbe ilipigwa hapahapa Toronto. Ile shule ya wenye vipawa, ambayo kwenye hadithi iko jimbo la New York, vyumba vyake vingine ni vya Casa Loma, kasri alilojijengea tajiri Henry Pellatt mwanzoni mwa karne iliyopita. Mji huu una kazi ya kujifanya mji mwingine. Mwaka 2008 Hulk alipigana Harlem, na hiyo Harlem ilikuwa Yonge Street, nusu saa kwa miguu kutoka kwetu.

Yonge Street hiyohiyo, siku moja tukitoka sokoni, niliona taa kubwa zimeandika ZANZIBAR. Moyo ukaruka. Nikamwambia binti yangu twende, huenda tukapata chai ya tangawizi. Akanivuta mpaka ng’ambo ya barabara ndipo akaninong’oneza kuwa ni mahali pa wanawake wachezao uchi. Nilicheka mpaka nikatoa machozi.

Turudi kwenye filamu. Yumo mwanamke aitwaye Storm, mwenye kuamuru mvua na radi, mhusika wa tangu 1975. Mama yake, kwa mujibu wa vitabu, ni binti wa kifalme kutoka Kenya, jina lake N’Dare. Nikauliza, kabila gani? Mtoto hajui. Na hiyo ritifaa baada ya N inafanya nini pale? Kwetu ritifaa ina kazi yake, katika ng’ombe na ng’ambo. Haitiwi ili jina lionekane la Kiafrika. Falme ninazozijua za Kenya ni ya Wanga, ya Nabongo Mumia, na za masultani wetu wa Pate na Witu. Halle Berry katika filamu hiyo ya kwanza alijaribu lafudhi ya Kikenya, sijui ya Kenya gani, na filamu zilizofuata akaiacha. Afadhali.

Black Panther ya 2018 nayo nikaitilia doa: Wakanda imewekwa huku kwetu Afrika Mashariki, lakini watu wake wanasema Kixhosa cha Afrika Kusini. Mjukuu akanieleza kuwa lugha hiyo iliingia kupitia John Kani, aliyecheza mfalme mzee, kwa sababu ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Nikamkubalia nusu. Ni lugha ya watu waliopo, si ya kubuni.

Gemu ndilo lililonipandisha presha.

Linaitwa Civilization VI, la mwaka 2016. Mchezaji anaanza mwaka 4000 kabla ya Masihi, anajenga taifa lake mpaka zama za roketi. Mna miji inayojitegemea, na mmojawapo ni Zanzibar. Ukishika nafasi ya kwanza katika urafiki nayo, unapata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo mchezoni hazipatikani kwa njia nyingine. Nilifurahi dakika moja. Halafu nikaona mwaka ulioandikwa kwenye skrini. Watu hata chuma hawajakijua, Unguja inagawa karafuu!

Nikamwambia azime. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Unguja zilifika mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa sana kuzileta ni Saleh bin Haramil Al-Abry, kutoka upande wa Mauritius na Réunion. Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyezisukuma. Inasimuliwa kuwa aliamuru kwa kila mnazi ipandwe mikarafuu mitatu. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na mpaka leo ukisema karafuu umesema Pemba. Mdalasini wenyewe ni wa Ceylon.

Na Maskat imo pia katika gemu, mji kando, haijuani na Zanzibar. Hapo nikasimama kabisa. Hizi zilikuwa dola moja, nikamwambia. Sayyid Said alifariki baharini 1856, wanawe Thuwaini na Majid wakavutana, na 1861 Lord Canning, mkubwa wa Waingereza huko India, akakata shauri: Maskat kwa Thuwaini, Unguja kwa Majid, na Unguja iilipe Maskat reale 40,000 kila mwaka. Ndiyo maana babu yako mkubwa ana kaburi Mombasa na nduguye ana kaburi Nizwa.

Mtoto alinisikiliza, kisha akauliza kwa upole tu, “Bibi, hizo karafuu alikuwa akichuma nani?”

“Watumwa,” nikasema.

“Mbona hukuwataja?”

Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Gemu halikusema, na mimi pia sikusema. Si siku hiyo tu. Miaka yote darasani niliimba mnazi mmoja mikarafuu mitatu, na waliochukuliwa bara kwa maelfu wakaletwa kuipanda na kuichuma niliwapa sentensi moja, mara nyingine nusu. Tena katika sekondari yangu nilikaa dawati moja na msichana ambaye nyanya yake alikuwa mtu wa Frere Town, kile kijiji cha Mombasa kilichoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kengele yake ipo mpaka leo, tulikuwa tukiipita kila siku. Msichana yule aliniazima kalamu zake miaka minne, na sikumuuliza hata siku moja nyanya yake alitoka wapi. Father hakuuliza, nyumbani hawakuuliza, na sisi wenye majina ya Kiarabu hatukuwa na haraka ya kuuliza.

Nikamwambia mjukuu wangu nitakujibu kesho. Kesho yake nilimjibu, saa mbili nzima, na gemu likazimwa bila ya mimi kuomba. Akanionyesha kuwa yapo mengine yenye kujitahidi: Assassin’s Creed Mirage ya 2023, ambayo ni Baghdad ya mwaka 861, ule mji wa duara wa Al-Mansur, na ndani yake mna kurasa za historia zilizoandaliwa pamoja na wataalamu. Nilizisoma kwa miwani miwili. Nzuri.

Usiku wa pili yake ndipo Wulu akaanza.

Aliingia katika beseni lake la mchanga, akachutama, akatoka. Akaingia tena. Mara ya tano nikaenda kutazama; mchanga mkavu. Akawa analia sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia kwa paka, akijilamba chini bila kukoma. Binti yangu yuko kazini. Nikasema, huyu amefunga choo na tumbo linamuuma. Kwetu angepewa mafuta ya nyonyo akaachwa uani. Hapa mafuta hayakuwepo, lakini mkobani mwangu Panadol haikosekani.

Na hapa ndipo mtoto aliponishika mkono.

“Umejuaje?” nikamuuliza kwa ukali. Akasema alisoma siku ileile walipomleta paka nyumbani. Nikampigia simu binti yangu nikitegemea ataniunga mkono. Alichosema ni, “Mama, imwage hiyo sasa hivi.”

Baadaye daktari wa wanyama alinieleza, na ninayaandika kama nilivyoelezwa. Ini la paka halina uwezo kama wetu wa kuivunja dawa hii, ambayo hapa Kanada inauzwa zaidi kwa jina la Tylenol. Inageuka sumu mwilini, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa buluu au kahawia, uso unavimba. Kidonge kimoja kinatosha kuua paka. Wala si dawa hiyo tu: maua ya lili, yale mazuri tunayopelekeana kwenye harusi, humharibu figo, hata unga wake akiulamba tu kutoka kwenye manyoya.

Na Wulu hakuwa amefunga choo. Alikuwa ameziba njia ya mkojo. Paka dume njia yake ni nyembamba mno. Vijichembe kama mchanga na ute vinaweza kuiziba kabisa. Mkojo ukikosa kutoka, potasiamu inapanda katika damu na moyo unasimama. Ni suala la siku moja au mbili, si wiki. Kwa hiyo mkimwona paka dume anakwenda na kurudi kwenye mchanga bila kutoa kitu, msingoje asubuhi.

Tulikwenda kwa teksi saa saba za usiku, paka ndani ya kikapu cha nguo, mtoto amekikumbatia. Huko wakataka malipo ya awali kabla ya kumgusa, zaidi ya dola elfu mbili: kumlaza kwa dawa, mpira wa mkojo, dripu, siku mbili au tatu kitandani. Kama hamuwezi, akasema yule binti wa mapokezi bila ubaya wowote, kuna njia ya kumpumzisha asiteseke. Mtoto alielewa kabla yangu. Hakulia. Alinitazama tu.

Najua watakaosema, pesa zote hizo kwa paka, na ndugu zetu Lamu na Pemba wanahitaji. Mimi mwenyewe nimelisema neno hilo kwa wengine. Lakini sote tulifundishwa tangu chuoni habari za yule mwanamke aliyemfunga paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Na nilikuwa na dola elfu tatu alizonipa kaka yangu wa Maskat za kutengenezea meno.

Wulu alirudi siku ya tatu, amenyolewa mguu, mkali kama zamani. Sasa anakula chakula chake maalumu cha makopo, ghali kuliko samaki wangu, na mtoto anampimia maji. Mimi natafuna upande wa kulia. Kaka yangu nimemwambia meno ya Kanada yana foleni ndefu. Leo akisoma hapa ndiyo atajua.