Ridhaa ya wananchi hupimwaje? Somo la Rufiji na Kibiti (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kuwa Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 inawafanya wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote na kuitaka Serikali iwajibike kwao. Leo tunauliza: kura zikishahesabiwa na viongozi wakishaapishwa, utajuaje kwamba ridhaa hiyo bado ipo? Tulitafute jibu katika bonde la Mto Rufiji, ambako swali hili limeulizwa kwa vizazi vingi.

Mwaka 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, kiongozi wa vita vya Maji Maji, pale Mohoro, baada ya wananchi kuchoshwa na pamba ya kulazimishwa. Utawala ule haukuwa na ridhaa, wala haukuitafuta. Serikali huru ilikuja na nia njema zaidi. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya miinukoni. Hata hivyo wakulima waliendelea kurudi bondeni kulima mpunga, na maji yakipungua wakapanda mazao ya mlau. Msimu mzima walilala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakiwafukuza nguruwe na ndege. Nyumba zilihama, lakini shamba, ambalo ndilo maisha yenyewe, halikuhama.

Karibu miaka 30 baadaye delta ya mto huo ilitoa somo jingine. Kampuni ya African Fishing iliomba eneo la kufuga kambamiti, na mabwawa yake yangechukua hekta 10,000 hivi. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) walishauri mradi ukataliwe, lakini mwaka 1997 Serikali iliuidhinisha. Wakazi wengi wa delta, wanaotegemea samaki, mpunga na mikoko, waliukataa. Wakisaidiwa na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira, walikwenda Mahakama Kuu. Mradi ule haukujengwa.

Wapo waliowaona watu wale kuwa wapinga maendeleo na wakaidi kwa Serikali yao. Mimi naona kinyume chake. Mwananchi anayeipeleka Serikali mbele ya mahakama ya nchi hiyo hiyo bado anaamini kwamba dola ni yake na itamsikiliza. Aliukataa mradi, hakuikataa Serikali. Ridhaa yenye afya hujulikana hapo, pale mtu anapoweza kusema hapana hadharani kisha akarudi kulala nyumbani kwake.

Kibiti ya mwaka 2017 ilipoteza hilo. Wauaji waliwalenga wenyeviti, watendaji wa vijiji, makada wa CCM na polisi. Aprili 13 pekee askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Waliolengwa ndio waliokuwa wakipeleka neno la mwanakijiji wilayani na kurudisha neno la Serikali kijijini. Mwanakijiji akabaki kati ya hofu mbili, ya wauaji iwapo angesema na ya vyombo vya dola iwapo angeshukiwa. Operesheni kali ilifuata na mauaji yakakoma. Ulinzi huo ulikuwa wajibu wa Serikali, na askari waliokufa wanastahili heshima yetu.

Lakini utulivu si ridhaa. Zipo familia ambazo mpaka leo zinauliza walipo ndugu zao waliotoweka wakati huo. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyeripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti Novemba 21, 2017. Julai 2019, Profesa Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kuwa Azory alitoweka na kufariki; baadaye akasema kauli yake haikueleweka vyema. Familia haijapewa maelezo kamili. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Serikali yenye hekima haihesabu kimya cha watu wake kuwa makubaliano.

Si kimya pekee kinachoweza kusomwa vibaya; hata sahihi pia. Aliyewahi kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji anajua daftari la mahudhurio: jina, kitongoji, sahihi au dole gumba. Sheria inawapa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi nafasi katika mkutano huo. Lakini sahihi ya mahudhurio huweza kuambatishwa kwenye muhtasari na kusomeka kama sahihi ya kukubali, hata kwa yule aliyenyoosha mkono kupinga.

Kwa hiyo naiomba Serikali itoe taarifa kamili kuhusu waliotoweka Kibiti, Rufiji na wilaya jirani ya Mkuranga, na iwape ndugu zao majibu kwa maandishi. Nanyi wanakijiji, msiache mikutano yenu. Hudhurieni, someni muhtasari kabla haujapelekwa wilayani, na anayepinga adai upinzani wake uandikwe. Serikali inayotaka kujua kama bado ina ridhaa yenu ianze kwa kusoma waliopinga walisema nini.

Itaendelea wiki ijayo.