Tupande mhina nyumbani



Baada ya Idd iliyopita binti mmoja alikuja darasani mkono umefungwa kitambaa. Alikuwa amechorwa kwa hina nyeusi, ile inayoitwa piko. Siku ya tatu mkono ukavimba ukatoa malengelenge, nayo yalifuata michoro ileile, jani kwa jani. Malengelenge yamepona lakini alama zimebaki. Ndiyo maana nimeomba nafasi niandike juu ya mhina, mti ambao wengi wetu hapa Mbulumbulu tunaujua kwa unga wake tu.

Kwanza tuelewe kwamba mhina hautoi rangi nyeusi. Jani lake hutoa rangi ya machungwa inayokolea kuwa nyekundu ya udongo. Weusi wa piko hutoka kwenye dawa ya kupaka nywele, na ndani yake mara nyingi mna kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2, na si ya kupakwa ngozini. Mtu akishadhurika nayo mara moja, mwili wake huweza kuikataa maisha yake yote. Basi mwenye mti wake uani anajua anachompaka mwanawe.

Mhina ni kichaka cha kimo cha mtu, na ukiachwa huwa mti mdogo. Maua yake ni madogo meupe, yako kwa vishada, na harufu yake huingia mpaka ndani ya nyumba. Ukishashika mizizi unavumilia ukame kuliko mahindi na maharage yetu. Majani hukaa mwaka mzima, isipokuwa kiangazi kikizidi sana au baridi ikiingia. Na hapo kwenye baridi ndipo penye kazi.

Wenzetu wa Tanga na Unguja huchomeka kijiti wakasahau. Hata Mto wa Mbu, hapo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, joto linatosha. Sisi tuko juu yao kwa mita mia kadhaa, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Mhina hauipendi hali ya chini ya nyuzi 11. Majani huwa manjano na kupukutika. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu mnaujua wenyewe. Haina maana kwamba haiwezekani, ila mahali pa kupanda pachaguliwe.

Panda kwenye ukuta wa nyumba unaotazama kaskazini. Katika miezi ya baridi jua letu hupita upande huo, kwa hiyo ukuta hupata moto mchana na kuutoa polepole usiku. Upande wa kusini mti utadumaa. Udongo wetu mweusi unaoshika maji uchanganye na mchanga, ukauinue kama tuta, kwa kuwa mizizi ikisimama ndani ya maji huoza. Asiye na ukuta mzuri apande kwenye ndoo mbovu iliyotobolewa chini, aiingize ndani usiku.

Kijiti ni rahisi kuliko mbegu. Kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, uchomeke nusu yake kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Mwenye mbegu aziloweke siku mbili tatu akibadilisha maji, kisha azinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia sana. Ni ndogo mno. Mche uhamishwe vuli inapoanza, Novemba, upate miezi ya joto kabla ya baridi. Ukiupanda masika, unakutana na Juni ungali mchanga, na wengi hufa hapo. Mwaka wa kwanza umwagilie. Maji ya udhu yanatosha kabisa, na hapa madrasa yanamwagika bure kila siku. Uzungushie miiba, mbuzi wasiufikie.

Majani yachumwe mvua ikishakatika, yakaushwe kivulini, yatwangwe na kuchekechwa kwa kitambaa. Unga ukandwe kwa maji ya ndimu, ufunikwe. Pwani saa chache zinatosha, lakini kwa baridi yetu uache ulale hadi asubuhi.

Wazazi naomba mnisikilize hapa. Hata hina safi isipakwe kwa watoto wachanga. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, si wachache katika Afrika, na hina huweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu mtoto akawa manjano na hali ikawa mbaya.

Wasichana huniuliza kuhusu udhu. Tope likishabanduliwa inayobaki ni rangi tu ndani ya ngozi, haizuii maji kama rangi ya kucha. Ila tope lenyewe libanduliwe lote.

Rangi ikitoka mwanzo huwa ya machungwa, msidhani imeharibika. Hukolea siku ya pili. Kwa hiyo anayetaka mikono yake iwe tayari kwa sala ya Idd apake siku mbili kabla, alale nayo, na asubuhi aibandue bila kukimbilia sabuni.