Kuunga undugu wakati wa maradhi: mkeka utandikwe uani

KILA sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo tunazungumzia jambo lililozisumbua nyumba nyingi tangu Machi 11, 2020, siku Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza kuwa korona ni janga la dunia nzima. Jambo lenyewe ni hili: vipi tutaunga undugu bila ya kuambukizana?

Nchini Kenya misikiti ilifungwa mwezi huo huo, na Idul-Fitri ya Mei 2020 familia nyingi zilisali majumbani. Wapo wazee waliokaa miezi bila ya kuwaona wajukuu zao. Wapo pia walioshindwa kuustahimili upweke, wakatembeleana kama kawaida na kujazana vyumbani. Makundi yote mawili yalidhani njia ni mbili tu: kufunga mlango au kuingia ndani. Sisi tunasema ipo njia ya tatu, nayo ni kukutana nje.

Wataalamu wa afya wanatueleza kwamba mgonjwa anapopumua, kuzungumza au kukohoa hutoa chembe za majimaji. Zilizo kubwa huanguka karibu naye. Zilizo ndogo huelea hewani. Mfano wake ni moshi wa udi. Chetezo kikiwekwa katika chumba kilichofungwa, chumba husheheni moshi, na harufu hubaki hata chetezo kikiondolewa. Kikiwekwa uani, upepo huutawanya moshi mara moja. Lakini aliyekaa ubavuni mwa chetezo atafukizwa tu, hata awe uwanjani. Basi nje ni salama zaidi kuliko ndani, lakini nje peke yake hakutoshi.

Historia yetu si ngeni na jambo hili. Mwaka wa 18 Hijria (639) tauni ya Amwas iliingia Sham, wakafariki Masahaba wakubwa, miongoni mwao Abu Ubaida bin al-Jarrah na Muadh bin Jabal. Amr bin al-As aliposhika uongozi aliwaamuru watu watawanyike milimani. Imamu Ahmad amepokea kwamba habari hizo zilipomfikia Khalifa Umar, hakulichukia jambo hilo. Tauni si korona, wala njia za kuenea kwake si moja. Funzo ni kwamba kutafuta nafasi pana si woga, wala si upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na Mtume (s.a.w.) amekataza mwenye wanyama wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye wanyama wazima, seuze binadamu!

Huenda mtu akasema: kumwacha mgeni nje ni kumdharau. La! Wazee wetu wa Unguja, Lamu na Mombasa walijenga baraza mbele ya nyumba zao, na hapo mgeni alikaribishwa, akanyweshwa kahawa na kuheshimiwa bila ya kuvuka kizingiti. Hata Idi, Mtume (s.a.w.) alitoka kuisalisha uwanjani, na wanawake na watoto wakahudhuria. Uwanja haujapata kuipunguzia furaha yetu heshima.

Basi maradhi yanapoenea, tuzingatie haya. Kwanza, wageni wawe wachache, na kila familia iwe na mkeka wake, baina yao iwepo nafasi ya mita moja au zaidi. Pili, salamu ziwe kwa maneno na mkono kifuani. Mkono wa bibi usibusiwe siku hizo. Salamu ni dua, na dua haipunguzwi na umbali. Tatu, kila familia ipakuliwe sahani zake badala ya kuzunguka sinia moja, na vikombe vya kahawa vioshwe kwa sabuni, visichovywe tu katika bakuli moja. Nne, turubai lililozibwa pande zote ni chumba. Liachwe wazi, na barakoa zivaliwe watu wanapokaribiana. Tano, mvua ikinyesha, watu waagane badala ya kukimbilia sebuleni.

Mwenye homa au kikohozi asitoke kabisa. Na kwa kuwa mtu huweza kuambukiza kabla ya dalili kudhihiri, nafasi iwekwe kwa wote, hata kwa anayejiona mzima.

Utaratibu huu umewahi kuwa sheria kwa wengine. England iliwaruhusu watu sita kukutana nje kuanzia Machi 29, 2021, ilhali kukutana ndani kulingoja hadi Mei 17.

WHO ilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya korona Mei 5, 2023, lakini ugonjwa wenyewe haujatoweka, na mwingine waweza kuja. Tusingoje siku hiyo ndipo tubishane mlangoni. Vijana wakubaliane na wazee wao tangu sasa, na wao ndio wakitoe kiti nje. Babu asilazimike kuchagua baina ya afya yake na wajukuu zake.

Mwenyezi Mungu azihifadhi familia zetu, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Amin.