Mafuta ya injini: tuyabadili wenyewe nyumbani

Petroli ikikwisha motokari husimama njiani, na watu wote huona. Mafuta ya injini yakichakaa hakuna aonaye kitu. Gari laenda leo, laenda kesho, na huku ndani yake chuma chasaga chuma. Siku injini inapokufa, fundi hutaja bei ambayo mtu angeweza kuinunulia mafuta ya miaka mingi.

Tuseme kwanza kazi ya mafuta hayo. Injini ikizunguka, sehemu zake za chuma hupitana karibu sana, na katikati yake hukaa utando mwembamba wa mafuta. Utando huo huzizuia zisisagane na huzipunguzia joto. Tena mafuta huokota masizi na unga wa chuma, na chujio hushika sehemu ya uchafu huo. Kwa hiyo mafuta kuwa meusi si ajabu: yamefanya kazi yake. Lakini hayawezi kuokota pasipo mwisho. Huchoka, huingiwa na asidi, na yakiachwa muda mrefu hugeuka tope zito.

Kitabu cha gari hutaja kilomita za kwenda kabla ya kubadili. Magari mengi ya zamani huhesabiwa 5,000. Mapya huenda mbali zaidi. Walakini katika kitabu hicho hicho utakuta onyo: apitaye njia za vumbi, abebaye mizigo mizito, au mwenye safari fupi fupi, afupishe hesabu. Sisi tupitao njia nyekundu wakati wa kiangazi tusijidanganye kwamba onyo hilo waliandikiwa wengine.

Juu ya bidoni husomwa alama kama 15W-40. Tarakimu iliyo pamoja na herufi W yaonyesha wepesi wa mafuta injini ikiwa baridi. Ile ya pili, uzito wake injini ikiwa imepata moto. Fuata kitabu cha gari, si maneno ya muuzaji. Tena utazame muhuri wa kizibo, maana wako wajanja wanaojaza bidoni za zamani mafuta yaliyokwisha kutumika.

Sasa kazi yenyewe. Washa injini dakika kama tano, kisha uizime. Mafuta yenye uvuguvugu hutiririka upesi na kuchukua uchafu. Yakiwa ya moto sana yatakuunguza. Gari lisimame mahali palipo sawa na pagumu, breki ya mkono imevutwa, mawe yamezuia magurudumu yatakayobaki chini.

Na hapa naomba msomaji asipite mbio. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Matofali nayo hayafai, kwani hupasuka ghafula bila kutoa alama. Ziwekwe stendi za chuma zilizo imara, kisha lisukume gari kwa bega uone kama latikisika. Watu wamekufa katika kazi hii ya nusu saa. Asiye na stendi, na gari lake ni la chini, afadhali ampelekee fundi.

Weka karai pana chini ya injini, fungua kifuniko cha juu, kisha ulegeze skrubu ya kumwagia kwa spana. Mafuta hayatoki taratibu. Huruka mbele, basi karai lisogezwe upande huo. Yakiisha kudondoka, rudisha skrubu na washa mpya. Uianze kwa vidole, ndipo spana ifuate, wala usikaze kwa hasira: meno yake yakiharibika, hasara ni kubwa.

Chujio nalo hubadilishwa siku hiyo hiyo. Hapa nitakiri kosa langu la mara ya kwanza. Pete ya mpira ya chujio la zamani ilibaki imenata kwenye injini, nami nikafunga chujio jipya juu yake bila kutazama. Nilipowasha injini, mafuta mapya yote yakaruka uani. Dereva mmoja mzee, jirani yangu, alikuja akatazama chini, akaniuliza: “Mwalimu, pete ni ngapi humo?” Zilikuwa mbili. Tangu siku hiyo hupitisha kidole mahali pale kabla ya kufunga. Pete mpya hupakwa mafuta kidogo, chujio hufungwa kwa mkono mpaka pete iguse, kisha huongezwa kama robo tatu za mzunguko.

Mimina mafuta mapya kwa kipimo cha kitabu. Gari dogo hutaka lita nne hivi. Washa injini dakika moja, tazama chini kama kuna tone, izime, ngoja kidogo, halafu upime kwa kijiti. Mafuta yawe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu, yasiipite. Andika kilomita za siku hiyo.

Yabaki yale meusi katika karai. Wengi huyamwaga nyuma ya nyumba, na wengine huyapaka vidonda. Yote mawili ni mabaya. Yakigusa ngozi mara nyingi kwa muda mrefu yaweza kuleta kansa. Na idara ya Marekani inayolinda mazingira huonya kwamba mafuta ya kubadili mara moja tu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu, yaani lita karibu 3,800,000. Mvua ya kwanza huyapeleka mtoni na kisimani. Yamiminwe katika bidoni lenye kizibo, liandikwe wazi lisidhaniwe kuwa na mafuta ya kupikia, lifichwe mbali na watoto, na likijaa lipelekwe kwenye karakana inayoyakusanya. Uliza mapema ni karakana ipi, kabla hujafungua skrubu.