Kabla ya Kupaka Nyumba Rangi, Tazama Hati



Tangu mwaka 2022, sheria ya mfuko wa NSSF inamruhusu mwanachama aliyetimiza miaka 45, na aliyechanga kwa miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Wenzetu wengine wa viwanda vya Nakawa wanaipeleka fedha hiyo kwenye nyumba zao. Wanatuuliza: Tutengeneze nini kwanza, ili siku ya kuuza tupate bei nzuri?

Swali hili ni la haki, maana fedha hiyo ni jasho la miaka mingi. Jibu letu ni hili: kwanza haki ya ardhi, pili maji na choo, tatu paa na kuta, mwisho mapambo. Anayeanza na mapambo huenda anamtengenezea mtu mwingine.

Haki ya ardhi

Hapa Nakawa tunao mfano mbele ya macho yetu. Nyumba za zamani za Nakawa na Naguru zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Watu walizaa na kulea humo, wakaziita zao, lakini walikuwa wapangaji. Mwaka 2011 waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili mahali pale pajengwe upya. Mpangaji aliyekuwa amepaka rangi au kutia sakafu hakuwa na kitu cha kuuza. Lakini kule Bugolobi, katika divisheni hii hii, wapangaji wa majumba ya ghorofa ya shirika la nyumba la taifa waliuziwa nyumba walizokaa. Sheria ya mwaka 2001 ndiyo iliyoruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo la ghorofa. Hao walipata mali.

Basi wewe unayekaa katika nyumba za kampuni, kwenye shamba la miwa au la chai, usizike akiba yako mle. Kazi ikiisha, nyumba inabaki. Paa likivuja, ni wajibu wa mwajiri. Lete shauri hilo chamani.

Mwenye kibanja juu ya ardhi ya mailo naye ana haki, lakini azilinde. Lipa busuulu kila mwaka, udai risiti na kuitunza. Tena, kwa marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2010, anayeuza kibanja bila kumpa mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua ametenda kosa: mauzo ni batili, na kibanja chaweza kurudi kwa mwenye ardhi. Vilevile ardhi ambayo familia inakaa au inapata riziki haiuzwi bila idhini ya mume au mke. Mnunuzi mwenye akili huuliza mambo haya kabla hajatazama ukuta.

Na wewe uliyejenga bondeni, kama kule Kinawataka, uliza kwanza kama hapo ni kinamasi. Kwa Katiba ya 1995 vinamasi vinashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Mwaka 2024 nyumba nyingi zilibomolewa katika kinamasi cha Lubigi, ng'ambo nyingine ya Kampala. Hakuna dirisha wala kigae kinachoweza kupandisha bei ya nyumba kama hiyo.

Maji na choo

Katika mitaa yetu, wanunuzi wengi hununua vyumba vya kupangisha. Wao hawaulizi nyumba inapendeza namna gani. Wanauliza inaingiza shilingi ngapi kwa mwezi. Tuchukue mfano. Watu wawili wana vyumba vitatu kila mmoja, na kila mmoja anatumia shilingi 3,000,000. Wa kwanza anatia vigae na dari ya kisasa. Kodi inapanda 10,000 kwa chumba, yaani 360,000 kwa mwaka. Fedha yake itarudi baada ya miaka zaidi ya minane. Wa pili anajenga choo kizuri, anavuta maji ya bomba, na kila chumba anakiwekea mita yake ya umeme. Kodi inapanda 30,000 kwa chumba, yaani 1,080,000 kwa mwaka. Fedha yake inarudi kabla ya miaka mitatu. Piga hesabu kama hii kwa bei za mtaa wako.

Shimo la choo lijengewe matofali, na gari la kunyonya liweze kulifikia. Choo kisichoweza kunyonywa kikijaa ni hasara.

Paa na kuta

Adui wa nyumba ni maji. Badilisha bati lililooza na mbao zilizoliwa na mchwa. Weka mifereji ya bati ukingoni mwa paa, uyapeleke maji kwenye tangi. Chimba mtaro kuzunguka msingi. Ukipaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu, mvua za Machi au Septemba zitakuumbua. Mnunuzi mjanja huja mvua ikinyesha.

Kama unaongeza chumba, peleka mchoro KCCA kwanza. Chumba kilichojengwa bila kibali chaweza kuandikiwa kubomolewa, nacho hupunguza bei badala ya kuiongeza.

Mapambo

Rangi, vigae na geti ni vizuri, lakini viwe mwisho, na kwa kiasi. Usijenge nyumba inayowashinda majirani wote mbali, kwani mnunuzi analipa bei ya mtaa, halipi bei ya fahari yako.

Ndugu, weka risiti zote za saruji, mabati na mafundi pamoja na karatasi za ardhi. Na kabla hujasaini mkataba wowote, uje nao tawini kwako tuusome pamoja. Kusoma hakuna malipo. Kutosoma ndiko kwenye gharama.