Vichwa vya treni vya kwanza vya TAZARA

Vichwa vya treni vya kwanza vya TAZARA ni vichwa vya dizeli vya mfumo wa haidroliki vilivyotengenezwa nchini China, katika kiwanda cha Sifang mjini Qingdao, kwa ajili ya reli inayounganisha Dar es Salaam nchini Tanzania na Kapiri Mposhi nchini Zambia. Vilikuwa vya aina mbili: vichwa vya njia kuu vyenye nguvu farasi 2,000, na vichwa vidogo vyenye nguvu farasi 1,000 kwa ajili ya kupanga mabehewa stesheni. Kwa jumla China ilileta vichwa 102. Vilifanya karibu kazi yote ya reli hiyo katika miaka yake ya mwanzo, lakini vichwa vya njia kuu vilishindwa kumudu mlima ulioko kati ya Mlimba na Makambako, na kuanzia mwaka 1983 kazi nzito ilianza kuhamia kwa vichwa vya mfumo mwingine.

Asili

Zambia haina bahari. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, shaba ya Zambia, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiiletea nchi hiyo sehemu kubwa ya fedha za kigeni, ilitegemea njia zilizopita katika nchi zenye uhasama nayo. Rais Kenneth Kaunda na Rais Julius Nyerere walitafuta mkopo wa kujenga reli hadi Dar es Salaam. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia hazikukubali. China ilikubali, na mkataba wa kwanza ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988 bila riba, na ulihusisha reli yenyewe, stesheni, karakana, mabehewa na vichwa vya treni.

Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Upana wake ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati ya Tanzania, ambayo ilijengwa na Wajerumani, ina upana wa milimita 1,000. Tofauti hiyo ya milimita 67 ilifanya vichwa vya TAZARA visiweze kwenda Tabora wala Kigoma, na vile vya Reli ya Kati visiweze kuja kusaidia pale vya TAZARA vilipoharibika. Msaada wa karibu ungeweza kutoka Zambia tu, upande wa pili wa reli.

Jinsi vilivyofanya kazi

Injini ya dizeli haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na magurudumu ya treni. Ikiwa inazunguka polepole mno huzima, na treni yenye uzito wa mamia ya tani haiwezi kuondoka ghafla. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu katikati cha kupitisha nguvu taratibu, kama klachi na gia zinavyofanya kwenye lori.

Njia iliyoenea zaidi duniani ni dizeli-umeme: injini huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huzungusha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Vichwa vya Qingdao havikuwa hivyo. Vilitumia mafuta ya haidroliki. Injini huzungusha gurudumu lenye mapanga ndani ya sanduku lililojaa mafuta. Mapanga hayo huyasukuma mafuta kwa kasi. Mafuta nayo hugonga mapanga ya gurudumu la pili na kulizungusha. Kutoka hapo mihimili na gia hupeleka mzunguko kwenye ekseli. Hakuna chuma kinachogusa chuma kati ya gurudumu la kwanza na la pili, ndiyo maana treni huondoka bila mshtuko.

Mfumo huu una faida za kweli. Kichwa huwa chepesi kwa nguvu ileile. Ekseli huunganishwa kwa mihimili, hivyo gurudumu moja haliwezi kuteleza peke yake kirahisi. Tena hauhitaji mota na jenereta zenye nyaya nyingi za shaba. Inachekesha kidogo kwamba reli iliyojengwa ili kusafirisha shaba ilipewa vichwa vilivyotumia shaba kidogo.

Kasoro yake huonekana pale treni nzito inapopanda polepole huku injini ikiunguruma kwa nguvu zote. Gurudumu la kwanza linazunguka kwa kasi, la pili linaburuta, na tofauti hiyo yote inageuka kuwa joto ndani ya mafuta. Rejeta na feni hufanya kazi ya kupoza injini na pia ya kupoza mafuta ya haidroliki. Zikizidiwa, dereva hana budi kupunguza nguvu au kusimama.

Mlima wa Mlimba

Kutoka Dar es Salaam reli hupita katika nchi isiyo na taabu kubwa: inakatiza Selous, kisha inafuata Bonde la Kilombero kupitia Ifakara hadi Mlimba. Maji ya bonde hili huingia Rufiji na kumwagika baharini mkabala wa Kisiwa cha Mafia, kwa hiyo msomaji wa kisiwani humo ambaye hajawahi kuona treni ameona angalau tope la mto huo likija na mvua za masika.

Baada ya Mlimba mambo hubadilika. Katika umbali wa kilomita zipatazo 158 hadi Makambako, reli hupanda zaidi ya mita elfu moja kuelekea nyanda za juu. Ndani ya kipande hicho kuna mahandaki 18 na madaraja 46, na kona kali zisizohesabika. Wahandisi wa Kichina walikitaja kuwa kipande kigumu kuliko vyote katika ujenzi. Kilikuwa kigumu pia kwa vichwa walivyovileta.

Hesabu ya makadirio inaonyesha kwa nini. Tuchukue treni ya tani 1,000 kwenye mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100. Ili tu isirudi nyuma, inahitaji kuvutwa kwa nguvu ya tani 20. Msuguano wa magurudumu na kona huongeza tani kadhaa. Kichwa cha nguvu farasi 2,000, baada ya kupoteza sehemu ya tano ya nguvu hiyo njiani, kitaweza kuivuta treni hiyo kwa mwendo usiozidi kilomita 20 hivi kwa saa. Huo ndio mwendo mbaya kwa mafuta ya haidroliki: injini imefunguliwa yote, magurudumu yanajivuta, joto linapanda, na safari ya namna hiyo si ya dakika tano bali ya saa nyingi. Zaidi ya hayo, kadiri treni inavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini ya dizeli hupungukiwa nguvu.

Mbele ya mlima kama huo uongozi wa reli huwa na njia tatu tu: kufunga vichwa viwili kwenye treni moja, kupunguza mabehewa, au kukubali kuharibikiwa mara kwa mara. Ya kwanza inamaliza vichwa vilivyopo, ya pili inarundika mizigo bandarini, na ya tatu inafanya yote mawili.

Madhara yake

TAZARA ilikusudiwa kubeba mamilioni ya tani kwa mwaka. Hata katika miaka yake mizuri ilibeba tani zipatazo milioni 1.2. Vichwa vya treni havikuwa sababu pekee. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imejaa, mabehewa yalichelewa kurudi kutoka Zambia, na mvua kubwa za mwaka 1979 ziliharibu njia. Oktoba mwaka huohuo makomando wa Rhodesia walilipua daraja la mto Chambeshi ndani ya Zambia. Lakini behewa linaweza kungoja kichwa, kichwa hakiwezi kungojewa na behewa milele. Kila kichwa kilicholala karakanani kikisubiri kipuri kutoka China kiliacha treni nzima bila mwendo.

Mwaka 1978 ndio uliodhihirisha uzito wa jambo hili. Reli ya Benguela iliyopita Angola ilikuwa imefungwa tangu 1975 kwa sababu ya vita, na mpaka wa Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu 1973. Zambia ilibaki ikitegemea Dar es Salaam. Msimu wa kupanda ulipokaribia, mbolea ilikuwa imekwama njiani, na Oktoba 1978 Kaunda alitangaza kufungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia, nchi ileile ambayo reli hii ilijengwa ili kuikwepa. Kwa wapenzi wa ukombozi ulikuwa uamuzi mchungu. Kwa mkulima wa Zambia ilikuwa suala la kupata mbolea kabla ya mvua.

Kubadilishwa

Marekebisho yalikwenda katika njia mbili. Baadhi ya vichwa vya Qingdao viliondolewa injini zake za asili na kuwekewa injini za MTU kutoka Ujerumani Magharibi, huku mwili na mfumo wa haidroliki vikibaki. Mwaka 1983 vililetwa vichwa 14 vya aina ya U30C, vilivyosanifiwa na General Electric ya Marekani na kujengwa na Krupp ya Ujerumani Magharibi. Hivi ni vya dizeli-umeme, vyenye nguvu farasi 3,000 na uzito mkubwa zaidi juu ya magurudumu. Nguvu yake ilizidi kwa nusu ile ya vichwa vya mwanzo, na mota zake zilistahimili zaidi kazi ya kupanda polepole.

Ni vyema kuwatendea haki mafundi wa Qingdao. Hawakuwa peke yao waliouamini mfumo wa haidroliki. Ujerumani Magharibi iliutumia kwa fahari katika vichwa vyake vya V 200. Uingereza iliutumia katika reli zake za magharibi, kisha ikaviondoa vichwa vya mwisho vya njia kuu vya aina hiyo mwaka 1977. Nchini Marekani, kampuni za Southern Pacific na Denver & Rio Grande Western zilinunua vichwa vya Krauss-Maffei mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuvijaribu milimani, lakini havikudumu. China yenyewe baadaye ilielekea zaidi kwenye dizeli-umeme kwa treni nzito za mizigo, na vichwa vipya ilivyoiletea TAZARA katika miaka ya 2010 ni vya mfumo huo. Tofauti ni kwamba reli za Marekani zilikuwa na mamia ya vichwa vingine vya kuchukua nafasi. TAZARA haikuwa na kingine.

Karakana na vichwa vidogo

Karakana kubwa za reli hii ziko Dar es Salaam na Mpika, nchini Zambia. Huko ndiko Watanzania na Wazambia wengi walijifunza kufungua na kufunga vichwa hivi, wakifundishwa na wataalamu wa Kichina waliobaki baada ya makabidhiano ya 1976. Mfumo wa haidroliki hauna huruma kwa uzembe: mafuta machafu, au sili iliyochoka, hutosha kuharibu sanduku zima. Lakini pia ni mfumo ambao fundi anaweza kuuona na kuugusa, na vichwa vilivyoharibika viligeuka kuwa ghala la vipuri kwa vile vilivyobaki.

Vichwa vidogo vya nguvu farasi 1,000 vilikuwa na maisha tofauti. Kazi yao ilikuwa kusukuma mabehewa machache kwenye viwanja vya stesheni, kusimama, kurudi nyuma na kuanza tena. Hapo kuondoka bila mshtuko ni faida kubwa, na mlima haupo.