Kivu Kusini: Kamanyola, daraja ambalo jina lake lilizunguka Kongo nzima

Kabla ya kuwa jina la uwanja wa mpira Kinshasa na jina la mashua ya rais, Kamanyola lilikuwa jina la kijiji chenye daraja. Kijiji hicho kiko eneo la Walungu, usultani wa Ngweshe, pale milima ya upande wa Bukavu inapoishia na bonde la Ruzizi linapoanza. Ng'ambo ya mto ni Bugarama, nchini Rwanda. Anayetoka Uvira kwenda Bukavu kwa barabara ya kitaifa nambari 5 hupita hapo.

Ndiyo sababu daraja hilo lilipiganiwa mwaka wa 1964, wakati ambao wazee wa mashariki wangali wanauita « wakati wa Mulele ». Mwezi wa Mei mwaka huo waasi waliuteka mji wa Uvira, kisha wakaanza kupanda kuelekea Bukavu. Aliyeshika Kamanyola alikuwa ameshika mlango wa Bukavu.

Mwezi wa Juni, mkuu wa jeshi, Jenerali Joseph-Désiré Mobutu, alifika mwenyewe. Kwa masimulizi ya utawala wake, askari walikuwa wanarudi nyuma. Yeye akatangulia, akavuka daraja chini ya risasi, nao wakamfuata.

Yaliyofuata hayakusimuliwa sana. Ushindi wa Kamanyola haukumaliza uasi. Mwezi huohuo Albertville, leo Kalemie, iliangukia mikononi mwa waasi. Tarehe 5 Agosti ikawa zamu ya Stanleyville, leo Kisangani. Bukavu nayo ilishambuliwa mwezi huo wa Agosti, na aliyeongoza ulinzi wake ni Kanali Léonard Mulamba. Baada ya mapinduzi ya tarehe 24 Novemba 1965, Mulamba alifanywa waziri mkuu, lakini mwaka uliofuata Mobutu akamwondoa.

Jina la daraja ndilo lililopanda cheo. Kikosi kikubwa cha jeshi, kilichofundishwa na Wakorea ya Kaskazini, kiliitwa Divisheni Kamanyola. Mashua ambayo Mobutu alipokelea wageni wake juu ya mto Kongo iliitwa Kamanyola. Hata uwanja mkubwa uliojengwa na Wachina Kinshasa ulifunguliwa kwa jina hilo.

Mwaka wa 1997 Mobutu alipoanguka, uwanja ukapewa jina jipya: Mashahidi wa Pentekoste, kwa kumbukumbu ya wanasiasa wanne walionyongwa hadharani tarehe 2 Juni 1966. Kwa watoto wengi wa Kinshasa, Kamanyola likabaki neno la wazee.

Lakini Kamanyola yenyewe iko palepale, na shida yake ni ileile ya njia. Barabara ya kupanda Bukavu upande wa Kongo inapita milima ya Ngomo, yenye kona kali na makorongo, ambako magari mengi yameanguka. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, madereva wengi wanaotoka Uvira wamechagua kuvuka Ruzizi hapo Kamanyola, kufuata lami ya Rwanda, kisha kuingia tena Kongo kwenye lango la Bukavu. Mpaka ukifungwa, au msafiri akikosa karatasi za kuvukia, inabaki Ngomo tu.

Hivyo mchele wa bondeni na ndagala za Uvira hupita nchi nyingine ili kufika Bukavu, makao makuu ya jimbo lao wenyewe.